Maswali ya Wasomaji: Thamostati Inapokataa Kuingia kwenye Waifai

Katika barua zilizolundikana kwenye meza ya safu hii, zile zinazohusu thamostati janja, yaani kidhibiti joto cha ukutani kinachopokea amri za simu kupitia waifai, zina jambo moja linalonisikitisha: karibu kila aliyeandika alikuwa amekwisha kufuta mipangilio yote ya kifaa chake kabla ya kukitazama vizuri. Kifaa kinachokataa mtandao hutoa dalili, na dalili hizo ndizo zinazomwonyesha mtu mahali pa kuanzia. Ukifuta kila kitu, unazifuta na dalili. Nimechagua barua nne, na katika kila moja nitajaribu kuonyesha ni dalili ipi iliyonipa jibu.

SWALI: Ndugu Mhandisi, tulibadilisha ruta wiki mbili zilizopita. Simu, televisheni na kompyuta zimeingia kwenye mtandao mpya bila shida, lakini thamostati inaonyesha alama ya waifai iliyokatwa mstari na kuandika kwamba haiwezi kuunganishwa. Wakati mwingine jina la mtandao wetu halimo kabisa kwenye orodha yake, ingawa simu yangu, nikisimama nayo palepale mbele yake, inaonyesha mtandao wenye nguvu kamili. Nenosiri nimeliandika zaidi ya mara kumi. Je, kifaa kimeharibika? Na je, tusipokiunganisha, nyumba itabaki baridi? – Baba wa watoto watatu

JIBU: Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo linalowanyima watu usingizi. Thamostati haiuwashi mtambo wa joto kwa waifai. Inauwasha kupitia nyaya nyembamba zinazopita ukutani hadi kwenye mtambo wenyewe, na kihisi joto kimo ndani yake. Waifai inaleta amri za simu, masasisho ya programu na taarifa za hali ya hewa, basi. Thamostati nyingi hukumbuka hata ratiba zao bila mtandao, kwa hiyo ukipandisha nyuzi mbili kwa mkono pale ukutani, mtambo utaitika kama kawaida. Kinachoweza kuiacha nyumba baridi ni thamostati kukosa umeme, na hilo ni jambo jingine kabisa: Januari 2016, kwa mfano, baadhi ya wenye thamostati za Nest walijikuta kwenye nyumba za baridi baada ya sasisho la programu lenye kasoro kumaliza betri za vifaa vyao. Basi usiwe na haraka, na usikubali kununua kifaa kipya leo.

Dalili yenye thamani kubwa katika barua yako ni ile sentensi kwamba jina la mtandao wakati mwingine halimo kwenye orodha. Lingekuwa tatizo la nenosiri, jina lingeonekana kila mara na kukataliwa kungekuja baadaye. Jina lisipoonekana, maana yake thamostati haiisikii ruta, na kuandika nenosiri mara mia hakutasaidia. Wala simu yako haiwezi kuwa shahidi katika jambo hili. Ruta za sasa hurusha mawimbi kwenye masafa mawili au zaidi, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na simu inayasikia yote, lakini thamostati nyingi zina redio ya gigahezi 2.4 peke yake. Watengenezaji wana sababu zao: mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali zaidi, redio yake ni rahisi kutengeneza, na kifaa kinachotuma taarifa chache za joto kila baada ya muda hakina haja ya kasi kubwa. Ile mistari iliyojaa kwenye simu yako huenda inapima masafa ambayo thamostati haiyajui.

Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta na uhakikishe kwanza kwamba masafa ya gigahezi 2.4 yamewashwa, kwa sababu zipo ruta ambazo mtu huyazima akidhani anaharakisha intaneti. Kisha angalia majina. Ruta nyingi mpya huyapa masafa yote jina moja na kujiamulia zenyewe kifaa kipi kiende wapi, na nyingine, zikitaka kukisukuma kifaa kwenye gigahezi 5, huyapuuza maombi yake ya kwanza kwenye gigahezi 2.4. Simu huelewa na kuhamia kule inakosukumwa. Thamostati haina pa kuhamia; inaomba, inapuuzwa, inaomba tena, na mwishowe inakata tamaa na kuandika kwamba imeshindwa. Dawa ni kuyatenganisha majina, ili gigahezi 2.4 iwe na jina lake, na wakati wa kuunganisha simu yako nayo iwe kwenye jina hilohilo. Ruta ikikataa kuyatenganisha, mara nyingi inakuruhusu kuanzisha mtandao wa pili wa gigahezi 2.4 peke yake kwa ajili ya vifaa vidogo vya nyumbani, na huo unatosha.

Neno lako "wakati mwingine" linanifanya nishuku jambo moja zaidi, ambalo mafundi wengi hulipita. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika chaneli. Nchi nyingi huruhusu chaneli 1 hadi 13, ilhali vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani kwa kawaida husikiliza chaneli 1 hadi 11 tu. Ruta iliyoachwa ijichagulie chaneli yenyewe inaweza leo kukaa kwenye ya 6 na kesho, ikiona majirani wamejaa, ikahamia ya 13. Siku hiyo thamostati ya namna ile haioni kitu. Kwa hiyo ondoa uchaguzi wa moja kwa moja, weka chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na upana wa chaneli uwe megahezi 20 badala ya 40. Ninapendelea mpangilio huu hata katika nyumba ambazo hazina thamostati, kwa sababu vifaa vidogo karibu vyote hutulia nao.

Baada ya hapo jina litaonekana. Likionekana na bado ukakataliwa, tazama aina ya usalama. WPA3, kiwango kipya cha kulinda mtandao wa waifai kinachofuata WPA2, ilitoka mwaka 2018, na thamostati nyingi zilizotengenezwa kabla yake haziielewi. Ruta mpya nyingine huja ikiwa imewekwa kwenye WPA3 peke yake, au kwenye hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, ambayo kwa maneno inakubali vifaa vya zamani ila kwa vitendo baadhi ya vifaa hivyo hujikwaa nayo. Chagua WPA2 yenye usimbaji wa AES kwa ajili ya mtandao huo wa gigahezi 2.4. Usishuke chini ya hapo: WEP, ulinzi wa zamani zaidi, ilishavunjwa miaka mingi iliyopita, na mtandao usio na nenosiri ni mlango uliobaki wazi kwa ajili ya kifaa kimoja tu.

Kuhusu nenosiri lenyewe, naamini umeliandika kwa uangalifu, lakini nakuomba uangalie jambo ambalo jicho halilioni. Kibodi ya simu ikikupendekezea neno nawe ukalichagua, mara nyingi huongeza nafasi moja tupu mwishoni, na herufi ya kwanza huifanya kubwa. Kwenye skrini unaona vitone tu, na idadi yake hakuna anayeihesabu. Bonyeza ile alama ya jicho ili herufi zionekane, kisha peleka kishale hadi mwisho wa neno na uone kama kinasimama palepale herufi ya mwisho inapokomea au kinaruka hatua moja mbele. Nimewahi kuona familia ikihangaika jioni nzima kwa ajili ya hiyo hatua moja.

Yote hayo yakishindikana, fanya jaribio ambalo mimi hulitegemea kuliko mengine yote. Chukua simu mbili. Ya kwanza irushe intaneti kwa hotspoti, na uhakikishe inarusha kwenye gigahezi 2.4, iPhone 12 na zilizofuata zina chaguo la upatanifu ndani ya mipangilio ya hotspoti linaloishusha kwenye masafa hayo. Simu ya pili iwe na programu ya thamostati, uitumie kukiunganisha kifaa na hotspoti ya simu ya kwanza. Kikiingia, kifaa chako ni kizima na ugonjwa uko kwenye ruta, kwa hiyo huna sababu ya kukigusa tena. Kisipoingia hata huko, soma jibu la barua inayofuata kabla ya kulaumu redio yake.

Kwa msomaji ambaye bado hajabadilisha ruta, ipo njia ya mkato: ipe ruta mpya jina lilelile la mtandao wa zamani na nenosiri lilelile, herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, pamoja na WPA2. Thamostati na vifaa vingine vingi vitaingia vyenyewe bila kuguswa.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Fundi alitufungia thamostati janja mahali pa ile ya zamani iliyokuwa na swichi ya kusukuma tu. Siku za kwanza ilikuwa sawa. Sasa joto la nje limepanda, na kila siku alasiri thamostati inatoka kwenye waifai. Usiku wa manane inarudi yenyewe. Mara mbili skrini ilizimika kabisa. Ruta iko mita nne tu kutoka hapo, kwa hiyo sidhani kama ni umbali. Nimewasha upya kila kitu na sina ninalolijua tena. – Mwanafunzi anayeishi na bibi yake

JIBU: Marahaba. Umeandika saa, umeandika hali ya hewa na umeandika umbali. Laiti kila barua ingekuwa hivi. Thamostati yako haina ugomvi na waifai. Ina njaa ya umeme.

Mitambo mingi ya joto na ubaridi inayotumia thamostati za namna hii huwa na transfoma ndogo inayotoa volti 24, na nyaya kutoka huko hufika ukutani zikiwa na majina ya herufi: R unaoleta umeme, W wa joto, Y wa ubaridi, G wa feni. Thamostati ya zamani ya swichi ilikuwa kiungo tu cha kuunganisha R na mwenzake, haikuhitaji umeme wake yenyewe. Thamostati janja ina skrini, kichakataji na redio, na ili ipate umeme mfululizo inahitaji waya wa kuurudisha umeme huo kwenye transfoma, yaani waya C. Nyumba nyingi za zamani hazikuwahi kuunganishiwa waya huo. Baadhi ya thamostati hujitahidi kuishi bila C kwa kuchota umeme kidogokidogo kupitia waya Y au W wakati mtambo umepumzika, na kuujaza kwenye betri ndogo ya ndani.

Hapo ndipo alasiri zako zinapopata maelezo. Mtambo unapofanya kazi, thamostati imeunganisha R na Y, na katikati ya nyaya hizo hakubaki volti za kuchota isipokuwa kwa kukatiza kwa nukta ndogondogo. Joto la nje likipanda, ubaridi hufanya kazi saa nyingi mfululizo, betri haijai, na kifaa huanza kubana matumizi. Kitu cha kwanza kuzimwa ni redio ya waifai, kwa kuwa ndiyo mlaji mkubwa. Usiku mtambo unapumzika, betri inajaa, na waifai inarudi. Ukifungua ukurasa wa taarifa za kiufundi ndani ya thamostati nyingi, utakuta kipimo cha volti za betri; kwa betri ya lithiamu, mimi nikiona namba inashuka chini ya volti 3.6 naacha kuiwaza ruta. Iangalie saa nne asubuhi na uiangalie tena saa kumi jioni.

Kwa muda unaweza kukijaza kifaa kwa waya wa USB kama kina tundu lake nyuma, au kubadilisha betri kama kinatumia za kawaida, lakini tiba ya kweli ni waya C. Kabla ya kuamini kwamba nyumba ya bibi haina, mwombe fundi afungue ukuta atazame. Siku moja niliitwa kwenye nyumba yenye dalili kama za kwenu. Nilichomoa thamostati kwenye bamba lake, nikamulika tochi ndani ya tundu la ukuta, na pale nyuma, umekunjwa mara mbili na kuzungushiwa ganda la kebo, ulikuwapo waya mmoja wa bluu ambao hakuna aliyewahi kuutumia. Ulikuwa umekatwa vizuri na kuhifadhiwa na fundi wa miaka mingi iliyopita aliyeona mbali. Tuliushusha, tukaumenya kiasi cha sentimita moja, tukauingiza kwenye C pale ukutani, kisha tukaenda kwenye mtambo na kuuingiza upande wa pili wa waya huohuo kwenye C ya bodi yake ya umeme. Waifai haikukatika tena alasiri.

Nasisitiza upande wa pili, kwa sababu nimekuta waya uliounganishwa ukutani tu huku kule kwenye mtambo ukining'inia hewani. Rangi nayo si ushahidi: bluu hutumika mara nyingi kwa C, lakini anayejua ni herufi iliyochapwa kwenye bodi ya mtambo. Na kabla ya kugusa waya wowote, umeme wa mtambo uzimwe kwenye swichi kuu. Volti 24 haziui, ila R na C zikigusana zinaunguza fyuzi ya bodi, kwa kawaida ya ampea 3 au 5, au transfoma yenyewe. Mkifungua na kukuta nyaya nene mbili zilizofungwa kwa vifuniko vya kusokota, acheni hapohapo na mrudishe kifuniko, kwa maana hizo huenda ni nyaya za volti 120 au 240 za hita za umeme, na kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni. Kama kebo haina waya wa ziada kabisa, vipo viunganishi vinavyofungwa kwenye mtambo kwa ajili ya tatizo hili, na ipo pia transfoma ndogo ya kuchomeka kwenye soketi.

Kuhusu skrini kuzimika kabisa, angalieni kitu kimoja kabla ya kumwita fundi. Kiyoyozi hutoa maji, na maji hayo hupita kwenye bomba dogo hadi nje. Mitambo mingi ina swichi ya boya kwenye sinia la maji: bomba likiziba, maji hupanda, boya huinuka na kukata umeme ili nyumba isilowe. Katika mitambo mingine boya hilo hukata waya R, na thamostati hufa papo hapo. Mtu huona kifaa kimetoka kwenye waifai na kukimbilia ruta, huku maji yamejaa kwenye sinia juu ya dari. Mkikuta maji, zibueni bomba na mkaushe sinia. Skrini itawaka yenyewe.

SWALI: Ndugu Mhandisi, naishi kwenye jengo lenye mtandao wa pamoja. Ukiingia kwa simu, ukurasa unafunguka na kuomba jina la mtumiaji na msimbo. Thamostati inauona mtandao lakini haiingii. Isitoshe, programu ya simu mara nyingi inasema haikioni kifaa hata kikiwa mbele yangu. – Mpangaji

JIBU: Ndugu Mpangaji, haya ni mambo mawili tofauti. Thamostati haina kivinjari cha kufungulia ukurasa wa kujitambulisha, kwa hiyo hata iwe nzima kiasi gani haitaingia kwenye mtandao wa namna hiyo kwa nguvu zake. Tafuta anwani ya maunzi ya kifaa, ambayo ni tarakimu na herufi 12 zinazopatikana kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye ukurasa wa taarifa, umpelekee msimamizi wa jengo na umwombe aisajili ili kifaa kiruhusiwe bila ukurasa. Akikataa, na kama sheria za jengo zinaruhusu, ruta ndogo yako mwenyewe inaweza kujitambulisha mara moja kwa niaba ya vifaa vyako vyote.

Kuhusu simu kutokiona kifaa, tatizo liko kwenye ruhusa. Simu za Android kwa miaka mingi zimedai ruhusa ya mahali ulipo ndipo programu itafute mitandao ya waifai, na iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, huuliza kama programu inaruhusiwa kuona vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani. Aliyebonyeza "hapana" siku ile hataulizwa tena mpaka aende kwenye mipangilio mwenyewe. Washa Bluetooth, zima VPN, na uzime data ya simu hadi kazi iishe. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Thamostati nyingi, wakati wa kuunganishwa, hurusha mtandao wake mdogo usio na intaneti, na simu ikigundua hauna intaneti huutoroka kimyakimya na kurudi kwenye data, nawe unabaki ukizungumza na kifaa ambacho hakikusikii.

SWALI: Mheshimiwa Mhandisi, thamostati yangu inaonyesha alama ya waifai iliyojaa, lakini programu inasema haiko mtandaoni. Ni ya zamani, niliirithi na nyumba. Je, niirejeshe kwenye mipangilio ya kiwandani? – Mama mstaafu

JIBU: Mama, usiirejeshe bado. Kwanza fungua ukurasa wa taarifa za mtandao kwenye kifaa na usome anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Ikianza na 192.168 au 10, ruta imekipa kifaa anwani ya kawaida ya nyumbani na tatizo liko mbele zaidi. Ikianza na 169.254, kifaa hakikupewa anwani, kikajitungia chenyewe, na kwa anwani hiyo hakitoki nje ya nyumba. Sababu mojawapo ni orodha ya anwani za ruta kujaa kutokana na wingi wa vifaa. Iwashe upya ruta, subiri taa zake zitulie, kisha ukiwashe upya kifaa. Tatizo likirudi, mwombe kijana wako akitengee anwani yake ya kudumu kwenye mipangilio ya ruta.

Kwenye ukurasa huohuo kuna kipimo cha nguvu ya mawimbi chenye alama ya kutoa. Kwa kipimo cha desibeli, -55 ni nzuri sana, -67 inatosha, na -80 ni mashaka matupu, kwa sababu kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu iliyopotea. Kioo kikubwa cha kujitazamia kwenye korido, chenye utando wa chuma nyuma yake, kinaweza kuyazuia mawimbi kuliko ukuta wa mbao uliokishika.

Angalia na saa pia. Kifaa kilichokosa umeme kwa muda kinaweza kuamka kikiamini ni mwaka mwingine, na hapo hukataa vyeti vya usalama vya seva, yaani kompyuta za kampuni zinazokihudumia, kwa sababu kwa kalenda yake ama bado havijaanza kutumika au vimekwisha muda. Alama ya waifai itajaa, na bado hakitazungumza na mtu. Kama kinakuruhusu kurekebisha tarehe kwa mkono, irekebishe, kisha usubiri dakika chache.

Mwisho angalia umri wake. Google ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 25 Oktoba 2025 thamostati za Nest Learning za kizazi cha kwanza cha mwaka 2011 na cha pili cha mwaka 2012, pamoja na zile za kizazi cha pili zilizouzwa Ulaya mwaka 2014, zinaondolewa kwenye programu ya simu, ingawa zinaendelea kuongoza joto kwa mkono na kwa ratiba zilizomo ndani yake. Kama yako ni mojawapo, hakuna utakalolibonyeza litakaloirudisha kwenye simu, na ni haki yako kulijua hilo kabla ya kupoteza siku nzima. Unaweza kuitumia ukutani kama kawaida mpaka utakapoamua kununua nyingine.

Nimekuambia usubiri kuirejesha kwenye mipangilio ya kiwandani kwa sababu jambo hili lilinifundisha kwa uchungu. Thamostati nyingi zina njia mbili za kufuta: moja hufuta mtandao peke yake, na hiyo haina madhara makubwa; nyingine hufuta kila kitu, pamoja na taarifa za aina ya mtambo. Miaka kadhaa iliyopita, nyumbani kwetu, wakati wa baridi, nilichagua ya pili kwa ajili ya tatizo dogo la waifai. Kifaa kiliuliza upya kama pampu ya joto, yaani mtambo mmoja unaopasha na kupoza, inageuza mwelekeo wake kwa waya O au B, nami nikajibu kwa kukisia. O huwashwa pampu inapopoza, B huwashwa inapopasha, na jibu langu lilikuwa kinyume. Usiku ule wenzangu waliomba joto na mtambo ukatoa ubaridi, nami sikujua kwa nini mpaka alfajiri nilipoifungua bodi na kusoma herufi.

Kwa hiyo, ikiwa baada ya yote hayo bado unaona ni lazima uifute, anza na ile ya mtandao peke yake. Ukilazimika kufuta zaidi, kwanza pita ukurasa kwa ukurasa na upige picha: aina ya mtambo, idadi ya hatua za joto na ubaridi, O au B, na ratiba. Kisha zima umeme kwenye swichi kuu, chomoa kifaa kwenye bamba lake, upige picha ya nyaya kwa karibu kiasi kwamba herufi iliyo kando ya kila waya inasomeka, na ukirudishe kifaa. Picha hizo mtumie na kijana wako, zisibaki kwenye simu moja.